Kisukari Kimo Katika Ukoo Wetu: Je, Nipime? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanaomsindikiza mgonjwa kliniki ya kisukari: binti aliyemshika mama yake mkono, kijana aliyebeba mfuko wa dawa za mzee. Mgonjwa akishaingia kwa daktari, anayebaki kwenye benchi ndiye huanza kuuliza, tena kwa sauti ya chini. Nimeyajibu kwa Kiswahili kwa ajili ya sisi tunaokitumia Uganda, kuanzia Bombo na Arua hadi Busia na Kisenyi. Msimamo wangu nautoa mapema: kama mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja ana kisukari na wewe umeshakuwa mtu mzima, kapime. Usingoje dalili.

Mama yangu ana kisukari. Lazima na mimi nitakipata?

Hapana. Kinachorithiwa ni uwezekano wa kuugua, na uwezekano huo unaweza kupunguzwa. Hapa nazungumzia kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho walicho nacho wagonjwa walio wengi. Mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye aina hiyo yuko katika hatari kubwa mara mbili hadi tatu kuliko asiye naye. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, hatari hupanda zaidi.

Hakuna jeni moja ya kulaumiwa. Zipo nyingi, na kila moja inachangia kidogo. Isitoshe, familia hurithishana na mezani pia: chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, sahani ya posho iliyojaa hadi ukingoni, soda katika kila sherehe. Ndiyo maana hata mke au mume wa mgonjwa, asiye na damu moja naye, huwa na hatari iliyopanda kidogo.

Nani hasa anahesabiwa?

Daktari akiuliza historia ya familia, kwanza anataka kujua kuhusu baba, mama, ndugu wa baba na mama mmoja, na watoto wako. Hao ndio wenye uzito mkubwa. Wanaofuata ni babu, bibi, shangazi, mjomba, baba mkubwa na baba mdogo, pamoja na ndugu mliochangia mzazi mmoja tu. Familia zetu nyingi zina mama zaidi ya mmoja, kwa hiyo mwambie daktari wazi: "Huyu kaka tumechangia baba tu." Asipoambiwa, atawahesabu wote sawa.

Wakwe hawahesabiwi, wala mtoto uliyemlea bila kumzaa.

Kwetu hakuna mwenye kisukari. Basi niko salama?

Swali hili hunigusa kuliko mengine, kwa sababu mara nyingi jibu la kweli ni kwamba kwenu hakuna aliyewahi kupimwa. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014, uliowahusu Waganda wa miaka 18 hadi 69, takriban asilimia 1.4 walikutwa na kisukari, na karibu nusu yao hawakuwa na habari kwamba wanacho. Hao walikuwa hai, na nesi amesimama mbele yao. Sembuse babu aliyefariki kijijini mwaka 1978?

Kwa hiyo usiulize tu "nani alikuwa na sukari?" Uliza nani alikatwa mguu. Nani alipofuka ukubwani. Nani aliugua figo au kiharusi kabla ya uzee. Bibi yupi alijifungua watoto wakubwa kupita kiasi, au alizaa watoto wafu mara kwa mara bila sababu kujulikana. Nani alikonda ghafla, akawa anamaliza mtungi wa maji usiku. Katika koo nyingi utasikia habari ya mzee aliyetegewa kitu njiani, kidonda kikamtoka mguuni kikaoza, na jirani fulani akashukiwa. Sina haja ya kubishana na wazee kuhusu jirani. Ila kidonda cha mguu kisichopona, kisichouma sana, kwa mtu mzima anayekojoa kila saa, mimi nakihesabu kama historia ya familia mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

Nitamuulizaje mzee wangu? Hapendi kuzungumzia ugonjwa wake.

Usimuulize mbele ya watu, wala usianze na neno kisukari. Anza na dawa. "Mama, siku ile ulipolazwa, walikupa vidonge gani vya kumeza kila siku?" Mtu anayeficha jina la ugonjwa mara nyingi hafichi dawa. Kopo likitolewa chini ya kitanda, soma jina lililoandikwa juu yake. Ukikuta metformin au glibenclamide, hizo ni dawa za kisukari.

Wazazi huficha kwa sababu wanazozielewa wao: hawataki watoto wahangaike na ada za shule pamoja na hospitali, au wanaogopa binti hataposwa. Mweleze kwamba unauliza kwa ajili ya mwili wako, na kwamba jibu lake litakusaidia wewe na wadogo zako. Nimeona wazee waliokaa kimya kwa miaka wakifunguka mara moja walipoelewa kuwa siri yao inawahusu wajukuu.

Sina dalili yoyote. Nipimie nini?

Kwa sababu aina ya pili hukaa mwilini kwa miaka bila kujitangaza. Sukari inaweza kuwa juu kiasi cha kuharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu huku mtu analima, anaendesha boda, anasali sala zake tano na hana habari. Katika utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza, karibu nusu ya watu waliogunduliwa upya walikutwa tayari na dalili za madhara siku hiyohiyo ya kugunduliwa.

Dalili zenyewe, zikija, ni kiu isiyokatika, kukojoa mara nyingi hasa usiku, kukonda ilhali unakula, uchovu, macho kuona ukungu, ganzi au moto kwenye nyayo, vidonda vinavyochelewa kupona, na fangasi wa sehemu za siri wanaorudi kila mara. Ukiwa nazo, swali la kupima au kutopima limekwisha. Nenda leo.

Mimi ni mwembamba. Kisukari si cha wanene?

Unene huongeza hatari, hasa wa tumbo. Lakini Uganda si wachache wanaougua aina ya pili bila kuwa wanene. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina nyingine, waliyoiita aina ya tano, inayohusishwa na utapiamlo na huwapata zaidi vijana waliokonda. Kwa hiyo wembamba usikufanye ujihesabu nje.

Na kuna jambo jingine kuhusu kukonda. Waliokuwapo miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi ukimwi ulivyokondesha watu Rakai na Masaka, na mpaka leo mtu akipungua ghafla majirani hunong'ona. Wapo wanaojificha nyumbani kwa aibu hiyo wakati tatizo lao ni sukari. Pima vyote viwili, ujue moja.

Sisimizi hawaji kwenye mkojo wangu. Hiyo si dalili kwamba niko sawa?

Hapana. Sukari huanza kumwagika kwenye mkojo pale inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita ya damu, na kisukari kinahesabiwa kuwa kipo chini ya hapo. Sisimizi wakija, kapime haraka. Wasipokuja, hujajua lolote.

Je, si afadhali nisijue? Nitaishi kwa hofu.

Hofu hii ni ya kweli, na siwezi kumcheka mtu aliyemuuguza baba yake mpaka mguu ukakatwa. Kuna magonjwa ya kurithi ambayo tiba yake haipo, na mtu akiamua kutoyajua mapema namwelewa kabisa. Kisukari cha aina ya pili hakiko katika kundi hilo. Hapa kujua mapema kunabadilisha yatakayofuata: sukari iliyoanza kupanda inaweza kurudishwa chini, na kisukari kilichogunduliwa mapema kinaweza kutawaliwa mtu akaishi na macho yake, figo zake na miguu yake yote miwili. Wengi waliopata yale uliyoyaona kwa baba yako waligunduliwa wamechelewa, au walikosa dawa.

Kama hofu ni kubwa, nenda na mtu. Chagua ndugu mmoja mnayeaminiana na mpimwe wote wawili siku moja. Yeye naye ana historia ileile.

Kipimo chenyewe kinafanywaje?

Kinachotumika zaidi ni cha kidole. Kwanza nawa mikono kwa maji na sabuni, ukauke vizuri. Hili si la usafi tu. Ukiwa umetoka kumenya embe au umeshika mandazi ya sukari, utamu uliobaki kwenye ngozi unaingia kwenye tone la damu na mashine inasoma nambari kubwa isiyo yako. Nimeona mtu akitetemeka kwa nambari ya kutisha, akanawa, akapimwa tena, akakutwa mzima. Spiriti peke yake haiondoi sukari hiyo vizuri, na isipokauka huchafua kipimo.

Halafu hutobolewa ubavuni mwa ncha ya kidole, kwa sababu katikati ndipo panapouma. Tone la kwanza hufutwa, la pili huguswa kwenye stripu, kile kijikaratasi kilichochomekwa kwenye mashine, na baada ya sekunde chache jibu linatokea. Hakikisha kisindano kinafunguliwa mbele yako na hakijatumika kwa mwingine. Una haki ya kudai hivyo, hata kwenye kambi ya vipimo vya bure. Angalia pia kopo la stripu: lililoachwa wazi huingiwa na unyevu, na majibu yake si ya kuaminika.

Kipimo cha kidole ni cha kuchuja. Kikionyesha tatizo, daktari huagiza damu ya mshipani ipimwe maabara kabla ya kukupa jina la ugonjwa.

Nambari zinasemaje?

Kwanza tazama kipimio. Mashine nyingine husoma milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita. 7 ya kwanza ni sawa na 126 ya pili, yaani unazidisha kwa 18. Watu wawili wa nyumba moja wanaweza kugombana kuhusu nani mgonjwa zaidi kwa sababu tu walipimwa kwa mashine tofauti.

Ukiwa hujala wala kunywa kitu chenye sukari kwa saa nane au zaidi (maji matupu yanaruhusiwa), chini ya 6.1 ni kawaida kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, 6.1 hadi 6.9 ni onyo, na 7.0 kwenda juu ni kisukari. Wamarekani huanza kuonya tangu 5.6. Kipimo cha wakati wowote, hata umetoka kula, kikifika 11.1 na una dalili, ni kisukari. Kama huna dalili, jibu moja baya halitoshi, lazima lirudiwe siku nyingine. Malaria kali, maambukizi makubwa na dawa kama predinisoloni na deksamethasoni zinaweza kupandisha sukari kwa muda. Hizo mbili watu huuziwa madukani kwa maumivu ya mwili au ili wanenepe, basi mwambie daktari kama umezitumia.

Kuna kipimo cha miezi mitatu, HbA1c. Si bora zaidi?

Ni kizuri, kwa kuwa kinaonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu na huhitaji kufunga. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Lakini kinasoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, kwa hiyo chembe zikiwa na kasoro, jibu linapotoka. Uganda hili si dogo: uchunguzi wa watoto wachanga wa nchi nzima ulikuta zaidi ya 1 kati ya 10 wamebeba nusu ya selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), yaani wamerithi jeni yake kwa mzazi mmoja bila kuugua. Kwa watu kama hao HbA1c inaweza kusoma chini kuliko ukweli. Upungufu wa damu na malaria za mara kwa mara huivuruga pia. Kama kwenu kuna selimundu, mwambie daktari na uombe kipimo cha kufunga.

Niende wapi, na nitalipa kiasi gani?

Vituo vya serikali havitozi: ada ziliondolewa mwaka 2001. Vituo vya afya vya daraja la tatu kwenda juu vina maabara. Tatizo linalowaudhi watu, na wana haki kuudhika, ni kufika na kuambiwa stripu zimeisha. Tuma mtu aulizie kabla hujafunga kula na kupanda boda asubuhi. Hospitali kubwa huwa na siku maalumu ya kliniki ya kisukari, na ndiyo siku ya kwenda. Kampala kuna Mulago na Kiruddu za serikali, na za misheni kama Nsambya, Rubaga na Mengo ambazo hulipisha.

Kipimo cha kidole kwenye kliniki binafsi ni cha bei nafuu kuliko vyote, HbA1c ni ghali mara kadhaa. Ulizia bei kabla hujatoa kidole. Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba, vipimo vya bure hutolewa sehemu nyingi.

Natumia dawa za ARV. Inanihusu?

Sana. Tangu mwaka 2018 Uganda imekuwa ikihamishia wagonjwa kwenye dolutegravir, dawa nzuri inayozuia virusi kwa nguvu, lakini baadhi ya watu sukari yao ilipanda sana baada ya kuianza. Ni wachache. Mwenye historia ya kisukari kwenye familia anapaswa kuisema kliniki na kuomba sukari ipimwe kabla ya kuanza na miezi ya mwanzo. Usiache dawa kwa hofu hii.

Nina ujauzito.

Mwambie mkunga katika hudhurio la kwanza kwamba mzazi wako ana kisukari. Wasipokupima mwanzoni, kumbusha kati ya wiki ya 24 na ya 28, wakati sukari ya ujauzito hujitokeza. Ukiwahi kuipata, hata ikiondoka baada ya kujifungua, unabaki katika hatari kubwa: pima wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha endelea kila mwaka au kila baada ya miaka michache kama daktari atakavyosema.

Watoto wangu nao wapimwe?

Mtoto mdogo mwenye afya, asiye mnene, hahitaji kutobolewa kwa sababu tu bibi yake ana aina ya pili. Akiwa mnene na amefikia balehe, ndiyo.

Aina ya kwanza ni habari nyingine, na naomba usome hapa taratibu. Hiyo huwapata watoto na vijana zaidi, haisababishwi na sukari wala unene, na wengi wao hawana ndugu yeyote mwenye nayo. Inakuja kwa wiki chache tu. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena, anakunywa maji bila kukoma, anakonda, kisha anatapika na kuhema kwa nguvu, pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Huku kwetu hutibiwa malaria, na siku zinapotea. Mtoto akiwa hivyo, dai sukari ipimwe papo hapo, usiku huohuo, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha anayo. Bila insulini atakufa.

Naweza kupima nikiwa nimefunga Ramadhani?

Wanazuoni wengi wanaona tone la damu ya kipimo halifunguzi. Ukiwa na wasiwasi muulize shehe wako. Lakini kwa kuwa mlo wa futari na daku hubadilisha mpangilio wa sukari, kama huna dalili ni rahisi zaidi kupima kabla au baada ya mwezi.

Mwajiri au wakwe watajua?

Majibu ni yako. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, na mhudumu hana ruhusa ya kuzitangaza. Katika kituo kidogo mnachofahamiana wote, naelewa sheria haitulizi moyo. Pima mji mwingine ukitaka. Kwa uchumba, ushauri wangu ni kumwambia mwenzako mwenyewe kabla hajasikia kwa shangazi.

Nimeambiwa imepanda kidogo, bado si kisukari. Sasa?

Hapa ndipo kupima mapema kunapolipa. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuata maelfu ya watu wenye hali hii. Waliopangiwa kupunguza uzito kwa takriban asilimia 7 na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kufikia kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin walipunguza kwa asilimia 31. Wafini walipata matokeo ya namna hiyo mwaka mmoja kabla.

Kwa sahani ya hapa, sukari ya chai ndiyo ya kwanza kupunguza, kijiko kimoja kimoja mpaka ulimi uzoee. Soda na juisi za chupa zifuate. Matooke, posho, muhogo na viazi huna haja ya kuviacha. Vipewe robo ya sahani, maharage, karanga, samaki au nyama robo, na nusu iwe dodo, nakati, sukuma au kabichi. Rolex ya jioni iwe ya chapati moja. Dakika 30 za mwendo wa haraka siku tano kwa wiki hutimiza zile 150, na wengi huzipata kwa kushuka taksi mapema.

Mululuza na mlonge vinatibu?

Mululuza ni mchungu, lakini uchungu hauondoi utamu wa damu. Majani haya yamechunguzwa, na hakuna uthibitisho unaotosha kuyafanya mbadala wa dawa. Ukipenda kuyala kama mboga, kula. Anayekwambia uache insulini ili unywe dawa yake anakuua, hata akiwa mjomba wako.

Nimepima, niko sawa. Nirudi lini?

Baada ya miaka mitatu, kama hakuna kilichobadilika. Ukiwa katika ile hali ya onyo, kila mwaka. Ukiongezeka uzito, ukipata ujauzito, ukigunduliwa na kifua kikuu, ukianzishiwa dawa za aina ya predinisoloni au ukiona dalili nilizozitaja, usingoje muda huo uishe. Waambie wadogo zako nambari yako na tarehe uliyopima, na uwaulize za kwao. Andika zote kwenye daftari moja la nyumbani, pamoja na yale uliyoambiwa kuhusu babu na bibi, maana daktari atayauliza tena.